Kocha Anapanda, Timu Inabaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Makocha wa Futiboli ya Vyuo Marekani

Kila mwaka ikikaribia sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, simu yangu haipumziki. Wanaopiga ni ndugu na marafiki wenye vijana wanaocheza futiboli ya Kimarekani vyuoni, na wengine wanaoifuata kwenye televisheni tu, kama nilivyoanza mimi. Swali ni lile lile kwa sura tofauti: kocha aliyetufikisha hapa anaondoka, mbona? Nimeishi Ohio miaka 17, na katika jimbo hili ni nadra kukuta mji wa chuo usio na hadithi ya kocha aliyefungasha. Haya ndiyo majibu ninayowapa.

Konferensi ndogo na konferensi kubwa ni kitu gani?

Futiboli ya vyuo ya daraja la juu ina timu zaidi ya 130, na zimegawanyika katika makundi yanayoitwa konferensi. Kila konferensi ni kama ligi inayojitegemea: ina ratiba yake, bingwa wake na mkataba wake wa televisheni. Kubwa kwa sasa ni nne: SEC, Big Ten, Big 12 na ACC. Pac-12 nayo ilikuwa kubwa mpaka 2024, vyuo vyake 10 kati ya 12 vilipoihama. Ndogo zinazotajwa sana ni American, Mountain West, Sun Belt, Conference USA na MAC.

Tofauti utaiona kwa macho. Uwanja wa Michigan, chuo cha Big Ten, unachukua watu zaidi ya 107,000. Ukiendesha gari chini ya saa mbili kwenda magharibi unafika Kalamazoo, kwenye uwanja wa Western Michigan, chuo cha MAC, unaochukua kama 30,000. Na ikifika Novemba, mechi nyingi za MAC huchezwa Jumanne na Jumatano usiku, kwa kuwa Jumamosi televisheni ni ya wakubwa. Nimeshakaa kwenye jukwaa la namna hiyo, baridi inauma masikio, watu ni wachache kiasi kwamba unawasikia wachezaji wakiitana uwanjani.

Chuo kikishinda kila mwaka, kwa nini hakipandi daraja?

Sisi tuliolelewa na soka tunajua kwamba timu ikitwaa ubingwa wa ligi ya chini inapanda, na inayoburuta mkia inashuka. Huku hakuna kupanda wala kushuka. Bingwa wa MAC anaweza kushinda mechi zake zote mwaka huu, na mwakani atakuwa MAC. Njia ya kuhamia juu ni kualikwa, na wanaoalika huangalia zaidi idadi ya watazamaji wa televisheni na ukubwa wa mji kuliko makombe kabatini. Utah ilimaliza msimu wa 2004 bila kufungwa, ikarudia 2008, lakini ilikaribishwa kwenye konferensi kubwa 2011. Cincinnati, Houston na UCF (chuo cha Central Florida) ziliingia Big 12 mwaka 2023 baada ya kusubiri miaka mingi.

Ukilielewa hili, mengine yote yanaeleweka. Timu haiwezi kupandishwa na ushindi wake, kwa hiyo ushindi ule ule humpandisha mtu mmoja mmoja, na wa kwanza kuonekana ni kocha. Vijana waliokimbia na kuumia ndio waliomjengea ngazi. Yeye anapanda, wao wanabaki chini wakiishikilia.

Ni pesa tu inayowaondoa?

Pesa ni kubwa, tusidanganyane. Curt Cignetti alipokuwa James Madison, chuo cha Virginia kilichoko Sun Belt, mshahara wake ulikuwa chini ya dola milioni 1 kwa mwaka. Mwishoni mwa 2023 alitua Indiana, Big Ten, kwa mkataba wa miaka 6 wenye wastani wa zaidi ya milioni 4 kwa mwaka. Wakati huo alikuwa na miaka 62 na alishapitia vyuo vidogo vya madaraja ya chini ambavyo Wamarekani wengi hawavijui hata kwa jina. Nani angemwambia akatae?

Lakini nikiwasikiliza makocha wenyewe, naona mambo mengine yana uzito karibu sawa. Benchi la ufundi ni mojawapo. Kocha mkuu wa chuo kidogo akipata msaidizi mzuri hawezi kumlipa akatulia, kila Januari anaporwa. Kuna usajili pia: tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwagawia wachezaji wake mapato, hadi dola milioni 20.5 kwa michezo yote katika mwaka wa kwanza wa utaratibu huo. Wakubwa hufika kwenye kiwango hicho. Wadogo wengi hawana hata sehemu yake ya nne.

Kisha kuna kombe. Mfumo wa mtoano wa timu 4 ulidumu kuanzia msimu wa 2014 hadi 2023, na katika miaka yote hiyo timu moja tu ya konferensi ndogo iliingia: Cincinnati ya Luke Fickell, msimu wa 2021, iliyomaliza 13 bila kufungwa kisha ikalala 27-6 mbele ya Alabama. Tangu 2024 zinaingia timu 12 na mlango umepanuka kidogo. Lakini kocha anayeota ubingwa wa taifa anajua kwamba kwenye konferensi ndogo akipoteza mechi mbili tu, ndoto inaning'inia kwenye uzi. Fickell mwenyewe alihamia Wisconsin Novemba 2022.

Kwa nini waondoke kabla msimu haujaisha? Hawawezi kusubiri?

Hili ndilo linalowaumiza watu kuliko yote, na hapa lawama kubwa naiweka kwenye kalenda.

Msimu wa kawaida unaisha wikendi ya sikukuu ya Shukrani. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Desemba, vijana wa sekondari wanamwaga wino kujiunga na vyuo. Chuo kikubwa kilichomfukuza kocha wake hakiwezi kufika siku hiyo bila kocha mpya, maana kundi zima la usajili litatawanyika. Kwa hiyo kinamchukua kocha wa chuo kidogo wakati timu yake bado ina fainali ya konferensi na mechi kubwa ya mwisho wa msimu, inayoitwa bowl, mbele yake.

Matokeo yake mnaweza kuyaona tarehe 2 Desemba 2017 huko Orlando. UCF ya Scott Frost inacheza fainali ya American dhidi ya Memphis. Miaka miwili kabla, timu hiyo ilimaliza 0-12, yaani haikushinda hata mechi moja kati ya 12. Siku hiyo inashinda 62-55 baada ya muda wa nyongeza mara mbili, na wakati mpira bado unachezwa habari zimeshaenea kwamba Frost anakwenda Nebraska, chuo alichokichezea akiwa kijana. Siku hiyo hiyo ikatangazwa rasmi. Fikiria kijana aliyetoka 0-12 hadi ubingwa, hajavua hata jezi, anashangilia na kuomboleza kwa wakati mmoja. Frost angalau alirudi kuwaongoza kwenye Peach Bowl, wakaichapa Auburn 34-27 na kumaliza 13-0.

Cincinnati ya 2009 haikubahatika hivyo. Ilishinda mechi zote 12. Usiku wa karamu ya timu ya kufunga msimu ndipo ilipothibitika kwamba Brian Kelly anakwenda Notre Dame. Ikaenda Sugar Bowl na kocha wa muda, ikafungwa 51-24 na Florida. Konferensi yao wakati huo haikuwa ndogo kabisa, lakini maumivu ni yale yale.

Desemba 2025 nayo ilinishangaza hata mimi niliyedhani nimeyaona yote. Fainali ya American ilikuwa Tulane dhidi ya North Texas, na makocha wote wawili walikuwa wameshapata kazi kwingine: Jon Sumrall anakwenda Florida, Eric Morris anakwenda Oklahoma State. Sumrall aliruhusiwa kubaki na Tulane hadi kwenye mtoano, walikofungwa 41-10 na Ole Miss. Naheshimu uamuzi huo, wa kocha na wa vyuo vyote viwili.

Nami nina langu. Mpwa wangu alicheza kwenye chuo cha konferensi ndogo. Kocha alipokuja kumsajili alifika nyumbani kwa dada yangu, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akala pilau sahani mbili, akamwambia dada, "Mama, nitamlea kama mwanangu." Miezi 16 baadaye vijana waliitwa kwenye ukumbi wa mikutano saa nane mchana. Kocha aliongea dakika kama tano, akalia, akatoka kwa mlango wa nyuma ambako gari lilikuwa linamsubiri. Mpwa wangu alinipigia akiwa bado amekaa kwenye kile kiti. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu, "Mjomba, sasa nani anajua jina langu hapa?"

Je, ni jambo jipya?

Hapana. Miami ya Ohio, chuo cha MAC kilichoko mji wa Oxford, kinaitwa kitovu cha makocha kwa sababu hii. Woody Hayes alitoka hapo kwenda Ohio State mwaka 1951. Ara Parseghian alitoka hapo kwenda Northwestern, kisha Notre Dame. Bo Schembechler alitoka hapo kwenda Michigan mwaka 1969, na mwaka huo huo akamfunga Hayes 24-12. Nick Saban, aliyekuja kutwaa ubingwa wa taifa mara 7, alianza ukocha mkuu Toledo mwaka 1990. Alikaa msimu mmoja.

Chuo kinachoachwa kinaambulia nini?

Kinalipwa fidia ya kuvunja mkataba, na mara nyingi anayeilipa ni chuo kinachomchukua kocha. Kwa mkubwa hizo ni senti. Kwa mdogo zinaweza kumlipa kocha mpya mshahara wa mwaka mzima na zikabaki za kukarabati chumba cha mazoezi. Ndiyo maana wakurugenzi wa michezo wa vyuo vidogo siku hizi wanaandika mikataba wakijua kabisa kwamba mtu ataondoka. Wanajadiliana bei ya kuondoka kabla hajaingia.

Chuo kilichonifundisha hili ni Arkansas State, mji wa Jonesboro. Hugh Freeze aliiongoza 2011, akaenda Ole Miss. Gus Malzahn akachukua mikoba 2012, akaenda Auburn, na msimu wake wa kwanza huko akafika fainali ya taifa. Bryan Harsin akaja 2013, akaondoka kurudi Boise State. Misimu mitatu, makocha watatu, na mara zote tatu timu ilisafiri kwenda Mobile, Alabama, kwa mechi ya mwisho wa msimu ikiwa na kocha wa muda. Mchezaji aliyeingia chuo 2010 alimaliza miaka yake minne akiwa amepokea maagizo ya makocha wakuu wanne, bila kuhesabu wale wa muda. Na bado vijana wale walishinda mbili kati ya hizo mechi tatu. Mimi nawavulia kofia.

Kuna na vitu visivyo pesa. P. J. Fleck alianza Western Michigan kwa 1-11 mwaka 2013, na mwaka 2016 akafikisha 13-1. Kaulimbiu yake ilihusu kupiga kasia mashua isonge mbele, na mji mzima wa Kalamazoo uliishika: makasia yalitundikwa madukani. Alipokwenda Minnesota Januari 2017, haki za kaulimbiu zilikuwa za chuo, na yeye alitaka kuondoka nayo. Walikubaliana atoe dola 50,000 za ufadhili wa masomo kwa wachezaji wa Western Michigan. Naona lilikuwa jambo la kiungwana kwa pande zote mbili.

Na wachezaji, wanaweza kumfuata kocha?

Zamani ilikuwa vigumu. Mchezaji akihama alitakiwa kukaa nje msimu mzima, wakati kocha aliyemsajili anaanza kazi mpya kesho yake. Nilikuwa nikiliona hilo kama dhuluma ya wazi. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama na kucheza bila kukaa nje msimu, na kocha mkuu akiondoka, wachezaji wake hufunguliwa dirisha lao maalumu la uhamisho.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Cignetti alipokwenda Indiana alifuatwa na kundi zima kutoka James Madison, wakiwemo Elijah Sarratt, D'Angelo Ponds, Aiden Fisher na Mikail Kamara. Indiana ilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyofungwa mara nyingi zaidi katika historia ya mchezo huu. Mwaka wa kwanza ikamaliza 11-2 na kuingia kwenye mtoano. Msimu wa 2025 ikashinda zote 16 na kutwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Miami ya Florida 27-21. Vijana waliodhaniwa ni wa kiwango cha konferensi ndogo walikuwa na kiwango cha ubingwa muda wote. Kilichokosekana ni jukwaa.

Kwa hao nafurahi kwa moyo wote. Lakini hesabu ina upande wa pili: timu ya futiboli ina wachezaji karibu 100, na kocha anaondoka na dazeni hivi. Waliobaki hucheza na viti vitupu chumba cha kubadilishia nguo.

Wakifika huko juu, hufanikiwa?

Wengine sana. Urban Meyer alitoka Bowling Green akaenda Utah, akaiacha Utah ikiwa 12-0, akatwaa ubingwa wa taifa na Florida misimu ya 2006 na 2008, na Ohio State 2014. Kalen DeBoer alitoka Fresno State akaifikisha Washington kwenye fainali ya taifa ndani ya misimu miwili.

Walioanguka ni wengi vilevile. Dan Hawkins alikuwa na rekodi ya 53-11 Boise State. Colorado akapata 19-39. Darrell Hazell aliipa Kent State msimu wa ajabu wa 2012, akaenda Purdue na kuishia 9-33. Tom Herman alikuwa 22-4 Houston, akatimuliwa Texas Januari 2021 akiwa na rekodi ya 32-18, ambayo kwingine wangemjengea sanamu. Na Frost, yule wa 13-0? Nebraska alishinda 16, akafungwa 31, akafukuzwa Septemba 2022. Mwishoni mwa 2024 UCF ilimrudisha.

Mimi naona sababu kubwa ni kwamba chuo kinachomhitaji kocha mpya huwa kimeoza mahali fulani ndani, na mshahara mnono hauoneshi ni wapi. Kocha aliyezoea kuwatambua vijana waliopuuzwa na kuwapika kwa miaka mitatu anawekwa mahali panapotaka ushindi mwakani. Ustadi wake haujapungua, amenyimwa muda wa kuutumia.

Hakuna wanaobaki?

Wapo. Troy Calhoun yuko Air Force, chuo cha jeshi la anga, tangu 2007. Ken Niumatalolo aliongoza Navy, chuo cha jeshi la majini, kuanzia mwishoni mwa 2007 hadi 2022. Chris Petersen alikaa Boise State misimu 8, akashinda mechi 92, ikiwemo ile ya 43-42 dhidi ya Oklahoma tarehe 1 Januari 2007, na kufungwa 12 tu. Kila Desemba jina lake lilitajwa kwingine, naye akabaki, hadi alipokwenda Washington baada ya msimu wa 2013. Hata wenye kinyongo huko Boise sijawasikia wakimsema vibaya.

Chuo kidogo kifanye nini kisiyumbe?

Boise State imeonesha njia: mrithi anaandaliwa ndani. Hawkins alikuwa msaidizi kabla ya kuwa mkuu. Petersen naye. Harsin alichezea chuo hicho na kufundisha chini ya Petersen. Spencer Danielson alipandishwa kutoka benchi lile lile mwaka 2023, na msimu uliofuata akaifikisha timu kwenye mtoano. Utah ilifanya hivyo Meyer alipoondoka: ikampa timu msaidizi wake, Kyle Whittingham, aliyedumu misimu 21.

Ni haki kumlaumu kocha?

Kwa kuondoka, hapana. Fundi akiitwa kwenye karakana kubwa hatumwiti msaliti. Lakini kwa namna anavyoondoka, ndiyo, tena bila kumumunya maneno. Kocha anayewaacha vijana wapate habari kwenye simu kabla hajawaangalia usoni amekosa adabu, hata awe ameshinda mechi ngapi. Na kocha asimwahidi mzazi kitu ambacho wakala wake anajua hakitatimia.

Mwanangu anasajiliwa na chuo cha konferensi ndogo. Niulize nini?

Wazazi wengi wa Kikongo na Kitanzania walioko Ohio, Kentucky na Idaho wananiuliza hili, na kwa kweli ndilo swali ninalopenda zaidi. Uliza mkataba wa kocha unaisha lini na fidia ya kuuvunja ni kiasi gani. Kwa vyuo vya umma hiyo si siri. Uliza ufadhili wa masomo umeandikwa kwa miaka mingapi, na kama kocha mpya anaweza kuugusa. Muulize mwanao: kocha huyu akiondoka kesho, chuo hiki bado unakitaka, na masomo yake? Kisha ongea na kocha msaidizi wa nafasi anayocheza mwanao na msimamizi wa masomo ya wanamichezo, maana hao ndio mwanao atakaowaona kila siku.

Mpwa wako aliishia wapi?

Alibaki. Kocha mpya alipokuja kujitambulisha, dada yangu alimpikia pilau pia, lakini kabla ya kupakua alimuuliza mkataba wake ni wa miaka mingapi. Kijana akamaliza masomo na misimu yake yote palepale. Siku ya mahafali, yule kocha wa kwanza alimtumia ujumbe wa pongezi akimtaja kwa jina la utani la mazoezini. Mpwa wangu aliusoma, akauonesha kwa mama yake, akajibu.